Mbao gani inafaa kiti cha rili kwenye rodi ya kuvulia trauti?

MtoGura (Nyeri)

Hamjambo wadau. Niko Nyeri, natengeneza rodi za kuvulia kwa mkono, zile nyepesi za kurusha nzi bandia, namba 4 na namba 5 (namba ni ya uzito wa kamba inayorushwa). Wateja wangu wengi ni watu wanaokuja kuvua trauti kwenye mito ya Gura, Ragati na Thiba, wengine wanaondoka nazo wanaenda Ulaya. Blenki za kaboni (ile fimbo tupu ya rodi) naagiza nje, hapo sina njia nyingine, lakini kile kipande cha mbao kinachokaa chini ya mpini, pale rili (gurudumu la kukunjia kamba) inapofungwa, nimechoka kukiagiza. Kinachelewa, kinalipiwa ushuru, na kikifika ni mbao ya walnut au mepo ileile ambayo kila rodi duniani iko nayo. Na sisi huku tumezungukwa na miti! Trauti wenyewe waliwekwa Gura mwaka 1905, watu wanavua hapa zaidi ya miaka mia, na wafungaji wetu wa nzi bandia wanauza kazi yao dunia nzima, ila rodi yenye mbao ya kwetu ndani yake kuipata ni kazi kweli. Nataka zangu ziwe nayo.

Kwa ambaye hajawahi kukiona hicho kiti, ni bomba dogo la mbao, urefu sentimita 9 hivi, unene wa nje milimita 17, katikati kuna tundu la milimita 10 la kupitisha blenki. Halafu ubavuni unachonga mfereji, mguu wa rili unalala humo, na pete mbili za alumini ama nikeli ndizo zinaubana usitoke. Kwa hivyo ukuta wa mbao ni milimita 3 na nusu tu, na pale kwenye mfereji ni chini ya hapo. Hakuna nafasi ya mbao kucheza cheza.

Sasa niko na vitu vinne. Nguzo za zamani za ua, za mutamaiyo (mzeituni mwitu), zilikuwa shambani tangu wakati wa babu. Mbao za grevilea, hizi ziko kila mahali. Rafiki yangu yuko Arusha anasema ananipatia mninga, na huyohuyo anasema anaweza kunipatia vipande vya mpingo. Maswali yangu ni gani haitapinda wala kupasuka mteja akifika nayo kwenye baridi za huko, mpingo si mzito sana kwa rodi nyepesi hivi, na nipake nini juu? Mwenye kujua anisaidie, asanteni.

Fundi Mkerezaji (Dar es Salaam)

Kijana wangu karibu, umeuliza jambo zuri na mimi nalipenda sana kwa sababu kukereza ndiyo kazi yangu, vifimbo, vishikio vya visu, kalamu, vinyago vya watu wengine nikiwasaidia, miguu ya meza, na viti vya rili nimeshamkerezea mzungu mmoja wa boti mpaka akarudi tena na tena.

Nianze na kitu ambacho hukuuliza. Kabla hujaniambia mti gani niambie umekauka kiasi gani. Mti mbaya uliokauka sawasawa unakupa kazi nzuri kuliko mti mzuri mbichi, na kwenye kitu chembamba hivyo unyevu ndio adui yako namba moja. Mbao ikisinyaa haisinyai sawa pande zote, kwa urefu karibu haisogei kabisa, lakini kwa kufuata mzunguko wa duara za mti inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini. Maana yake nini, maana yake bomba lako ulilolikereza duara safi linageuka yai, na pete yako ya chuma haigeuki, inabaki duara, sasa ama pete inagoma kupita ama inacheza. Hapo mteja anaanza kulalamika na mti unalaumiwa bure.

Fanya hivi. Pasua vipande vya inchi 1 kwa inchi 1, urefu kama sentimita 12, miisho yote miwili ipake nta ya mshumaa au rangi nzito maana maji yanakimbilia kutokea miishoni na ndiko nyufa zinakoanzia. Tafuta mzani wa jikoni ule wa dijitali unaosoma gramu moja moja, andika uzito kwa penseli kwenye kipande chenyewe na tarehe, pima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, imekauka kwa hewa ya hapo ulipo. Ndipo utoboe tundu. Ukishatoboa usikimbilie kukereza mwisho, kiache wiki mbili kipumue kwa ndani, mbao ikitobolewa inajipanga upya, halafu ndio umalizie kipimo.

Haya sasa mti. Mpingo. Mimi ukiniuliza mimi hakuna mbao inayokereza kama mpingo, inatoka laini mpaka hauhitaji kupaka kitu, unapitisha msasa wa 400, wa 600, kitambaa kikavu basi inang'aa yenyewe. Wanaotengeneza klarineti na oboe hawaendi kwake kwa bahati mbaya, tundu likitobolewa kwenye mpingo mkavu linabaki tundu, na wewe unachotengeneza ni bomba kama wao. Lakini una masharti. Unakauka pole pole mno, ukiuharakisha unapasuka. Na wakati wa kutoboa usisukume drili moja kwa moja mpaka mwisho, unapata moto, mbao inapasuka kwa joto, ingiza kidogo, toa, safisha unga, ingiza tena. Ule upande mweupe wa nje wa mti uutupe, wadudu wanaupenda, unachotaka ni kiini cheusi peke yake.

Mninga ndio mbao ya mtu mwenye akili zake. Nyepesi, haisogei sana, rangi inatoka kahawia mpaka nyekundu na mistari, na fundi yeyote wa fanicha Tanzania nzima ana mabaki yake nyuma ya karakana, ya kiti cha rili hapungukiwi. Ukiniambia chagua moja tu ya kuanzia nakwambia anza na mninga, mpingo uje baadaye mkono ukizoea.

Na vaa barakoa. Vumbi la mpingo na la mninga linachokoza pua na ngozi, mvule ndio usiseme.

Kolekole wa Shimoni (Kwale)

Salaam aleikum wote. Mimi nafanya kazi za boti huku Shimoni, tunapeleka wageni mkondo wa Pemba kuvua sulisuli, jodari, nguru na kolekole, nataka niongeze la maji ya chumvi maana fundi hakulitaja na huenda mwengine akasoma hapa akafikiria kuweka mbao kwenye rodi ya bahari.

Rodi kubwa za kukokotea sulisuli yafaa uache mbao kabisa. Pale samaki avuta kwa nguvu ambayo rili yataka kung'oka, hapo watu hutumia vishikio vya alumini na viti vya chuma, wala si suala la urembo. Ila rodi za kurusha ufukweni na kwenye miamba, namba 8 namba 9, mbao hukaa vizuri ukijua kuichagua. Chumvi haiozeshi mbao haraka, kinachotokea ni kwamba maji huingia chini ya pete, yanakauka, chumvi yabaki, kesho yaingia tena, mwisho ile alumini yafanya unga mweupe na pete haizunguki. Dawa yake ni maji matamu kila jioni, na mbao ambayo haibebi maji.

Kwa hilo mimi nasema msaji. Mbao ya mafuta, haipindi, haiwi na tatizo la maji na ndiyo maana wajenzi wa boti waipenda dunia nzima. Na hautoki porini, wapandwa. Tanzania kuna mashamba ya serikali ya msaji, Longuza kule Muheza na Mtibwa upande wa Morogoro, kwa hivyo mabaki yake hayana maneno. Shida yake moja ni kwamba ina kitu kama mchanga ndani, hula makali ya patasi, unanoa kila mara. Nyengine ni mbambakofi, wenzetu wa kusini huita mkongo, mbao ngumu, nzito kiasi, hapa kwetu imetengeneza milango na majahazi tangu enzi na enzi, hukaa imara sana ikishakauka.

Lakini ndugu yangu wa Nyeri jihadhari na gundi. Mbao ya mafuta kama msaji, na huo mpingo pia, ukipaka epoksi juu yake bila kuifuta haishiki, leo yaonekana imeshika, baada ya msimu rodi yazunguka ndani ya kiti. Futa kwa asetoni ndani ya tundu, ikikauka tu paka gundi papo hapo, usiiache mpaka kesho maana mafuta hurudi juu.

MtoGura

Fundi asante sana, na wewe wa Shimoni asante, hiyo ya asetoni sikuwa naijua kabisa. Mzani niko nao naanza kupima nguzo leo jioni.

Swali la uzito hamjalimaliza lakini. Rodi yangu ya namba 4 nzima iko chini ya gramu 100. Mpingo unazama majini, nikiweka kipande chake kwenye mkia wa rodi si itakuwa mbaya mkononi? Na mbona hakuna aliyesema chochote kuhusu mutamaiyo, ama hamuijui huko pwani?

Rula na Mizani (Nairobi)

Wacha tupige hesabu badala ya kukisia. Umesema nje 17, ndani 10, urefu 90. Hiyo ni kama sentimita za ujazo 13, ukitoa mfereji inabaki kama 12 na kitu. Mpingo una uzito wa gramu 1.2 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hivyo kiti kizima ni gramu 15 au 16. Mninga na msaji ziko kwenye 0.6 mpaka 0.7, hiyo ni gramu 8 hivi. Mzeituni mwitu uko karibu na 1, basi gramu 12, 13. Kwa hivyo tofauti kati ya mbao nzito kabisa na nyepesi kwenye orodha yako ni kama gramu 8. Rili yako pamoja na kamba ni gramu ngapi, 150? Hizo gramu 8 ziko palepale penye rili, nyuma ya mkono, hazirushwi na hazisikiki kwenye ncha. Kuna watu wenye rodi ndefu na rili nyepesi wanatafuta uzito wa kuongeza nyuma ili rodi itulie mkononi. Kwa namba 4 yenye rili ndogo sana labda ningechagua mninga, kwa namba 5 kwenda juu weka mpingo bila wasiwasi.

Jambo linalonisumbua zaidi kwenye swali lako ni lile la wateja wa Ulaya, na hapo siko pamoja kabisa na fundi aliposema mbao ikiacha kushuka uzito basi imekauka. Imekauka kwa Nyeri. Mbao inafuata hewa iliyoizunguka, huku kwetu nyanda za juu inatulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hivi, pwani inapanda zaidi ya hapo, na ndani ya nyumba yenye hita wakati wa baridi Ulaya au Marekani inashuka mpaka 7 au 8. Kwa hivyo kiti ulichokikereza vizuri Nyeri kinafika kule kinaanza kusinyaa upya. Hauwezi kulizuia lakini unaweza kulipunguza kwa njia mbili. Moja, kabla ya kukereza mwisho weka vipande ndani ya boksi lenye balbu ya joto, zile za zamani za njano, joto dogo tu siku kadhaa, uone kama uzito unashuka tena. Mbili, funga mbao kila upande, na hapa ndipo mafundi wengi wanasahau, wanapaka nje inang'aa halafu ndani ya tundu na miishoni wanaacha wazi, unyevu unatoka na kuingia kupitia huko. Wewe una ile epoksi ya kufungia nyuzi za rodi, ipashe joto kidogo iwe nyepesi, pitisha ndani ya tundu na kijiti chenye pamba, miisho pia.

Mutamaiyo naijua, nimekulia karibu na Aberdare. Ni mbao nzuri mno. Mistari ya kahawia na meusi inapinda pinda kama moshi, ngumu, inakereza safi, na harufu yake ukiikata inajaza chumba. Tabia yake mbaya ni kupasuka wakati wa kukauka, na inasinyaa sana. Ndiyo maana nguzo zako ni mali. Zilishapasuka zote zilizotaka kupasuka miaka mingi iliyopita, wewe kazi yako ni kutafuta vipande vizima katikati ya nyufa, na kwa kipande cha inchi 1 utavipata vingi. Chukua sehemu iliyokuwa juu ya ardhi, ile ya chini imeshiba maji na udongo. Na pitisha sumaku kila mahali kabla ya msumeno kugusa, nguzo ya ua haikosi misumari na vipande vya waya vilivyomezwa na mti.

Ukiniuliza rodi ya Gura iwe na mbao gani, nasema hiyo. Mti unaota kwenye mlima uleule ambao mto unatoka.

Fundi Mkerezaji

Rula umeongea vizuri, hiyo ya hewa ya huko nje nakubaliana nawe, mimi wateja wangu wengi wako hapa hapa na joto letu. Ila boksi la balbu kwa mpingo awe mwangalifu sana, mpingo haupendi joto la ghafla, mninga na msaji havina shida.

Mzeituni mwitu sijaukereza mwingi lakini niliopata ulinifurahisha. Akate kwa mashine yenye meno makali na asiusukume, unaungua na kuacha alama nyeusi ambazo msasa hautoi kirahisi.

Mwanamisitu wa Kilwa

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma yote mmefundisha vizuri sana, ila mmepita kwenye jambo moja ambalo mimi siwezi kulinyamazia, mnasema rafiki wa Arusha ataleta mpingo, ataleta mninga, hivi hivi kwenye begi avuke nao mpakani Namanga. Hapana jamani.

Mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Huku kwetu Kilwa vijiji vina misitu yao wanailinda wenyewe, kuna misitu ya jamii hapa ilipata cheti cha FSC (cha misitu inayosimamiwa vizuri) mwaka 2009, mti ukivunwa pale fedha inaingia kijijini, inajenga kisima, inajenga zahanati. Mti ukiibiwa kijiji hakipati kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo rafiki ni karatasi ziko wapi. Hapa Tanzania mbao ikisafiri inatakiwa iwe na kibali cha kusafirishia kutoka TFS (wakala wa misitu), na ikivuka mpaka kuna zaidi ya hapo.

Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya mpingo duniani iko kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hiyo siyo marufuku, ni kwamba biashara ya nje inakwenda kwa kibali. Mwaka 2019 wakalegeza kidogo, bidhaa iliyokwisha tengenezwa ikiwa mbao ya mpingo ndani ya mzigo haizidi kilo 10 haihitaji kibali hicho. Sasa wewe kiti chako ni gramu 16, rodi iliyokamilika unamtumia mteja wako bila shida kwa upande huo, lakini vile vipande ghafi kabla hujavitengeneza si bidhaa iliyokamilika, vinahitaji kibali kuvuka mpaka hata viwe vidogo. Unaona tofauti ilipo. Mninga nao pamoja na mkongo waliingizwa kwenye orodha hiyo kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022, kwao inahusu magogo, mbao zilizopasuliwa na za namna hiyo, rodi iliyokamilika haimo. Na mteja naye aulize utaratibu wa nchi yake, maana kila nchi inaweza kuongeza masharti yake juu.

Ushauri wangu kwa kaka wa Nyeri, mpingo nunua kwa mtu mwenye risiti na kibali, na omba mabaki ya viwanda vinavyopasua kwa ajili ya ala za muziki. Wale wanakataa kipande kwa kasoro ndogo tu, kafundo kadogo, kaufa ka nywele, sehemu kubwa ya gogo inaishia kuwa mabaki, na kwako kipande cha sentimita 12 kinatoka humo bila kukata mti mpya hata mmoja. Na kwenye rodi uandike mbao imetoka wapi. Mtu anayelipa fedha nzuri kwa rodi ya mkono anapenda kujua hilo, na sisi huku tunapenda ajue.

MtoGura

Dada asante sana kwa hili, kweli sikuwa nimefikiria mpaka. Nimemwambia rafiki yangu asilete chochote kwanza. Nitaanza na nguzo za shambani, hizo ni zangu na hazivuki mahali.

Leo nimepasua nguzo moja. Sumaku ilipata misumari mitatu na kipande cha waya wa seng'enge ndani kabisa, mti ulikuwa umekula mzima mzima, Rula asante. Vipande vizuri vimetoka, mistari iko vile ulisema. Viko kwenye mzani.

Bado niko na grevilea, najua ni mbao ya kawaida na laini lakini ukiipasua upande wa robo (kuelekea kiini cha gogo) inatoa madoa fulani mazuri sana yanang'aa, na iko bure karibu. Kuna njia ya kuifanya iwe ngumu itumike? Na mnisaidie kwa mutamaiyo nipake nini.

Rula na Mizani

Grevilea jinsi ilivyo usiitumie, pete itaichimba ndani ya msimu mmoja, kila ukiikaza mbao inabonyea. Lakini ukiijaza resini inakuwa kitu kingine. Kuna resini nyepesi za kazi hii, unazamisha kipande kikavu kabisa kwenye chombo, unanyonya hewa kwa pampu ya vakyumu (mafundi wa friji wanazo, uliza karibu nawe), unaona mapovu yanatoka kwenye mbao, yakiisha unaachia hewa na resini inaingia mahali hewa ilipotoka, unaacha iloweke muda mrefu, halafu unaoka kwenye ovena joto la 90 hivi mpaka igande. Neno hapo ni kikavu kabisa, si kikavu cha hewa, weka ovena joto la 105 usiku kucha na upime mpaka mzani usimame, vinginevyo maji yanakaa mahali resini ilitakiwa iingie. Ovena isiwe ya jikoni.

Njia hiyohiyo inafaa mwembe, na hasa mwembe uliolala chini mpaka kuvu ikaingia ikachora ile mistari myeusi. Hiyo ni mbao ya moto tu kwa watu wengi lakini ikijazwa resini sijaona walnut inayoifikia. Wachongaji wa Kikamba walishahamia mwembe, jakaranda na mwarobaini pale mpingo na muhugu vilipokuwa haba, kwa hivyo mbao hizo zinauzwa na zina bei nafuu. Mwarobaini wala hauhitaji resini, una ugumu wa kutosha.

Mbao nzito kama mutamaiyo, mpingo, usihangaike kuzijaza, resini haiingii, hakuna mahali pa kuingia.

Kolekole wa Shimoni

Nikazie hapo kwa mwarobaini, hapa pwani umejaa kila kiwanja, watu huukata matawi makubwa kila mwaka na kuyachoma. Mbao yake nyekundu nyekundu, ya jamii moja na mahogani. Nyuzi zake zapishana pishana kwa hivyo patasi iwe kali sana ama itanyofoa.

Fundi Mkerezaji

Ya kupaka nakujibu mimi. Mutamaiyo paka epoksi yako ya nyuzi, nyembamba, mara mbili, huku kiti kinazunguka pole pole kwenye ile mota yako unayokaushia rodi ili isichuruzike upande mmoja. Kabla ya hapo msasa 240, 320, 400 basi, ukizidisha unaifanya mbao iwe kioo na epoksi haipati pa kushika. Ukishapaka ya kwanza ikikauka, msasa 400 kidogo na maji, kisha ya pili.

Mpingo na jamaa zake wote usiwapake vanishi ya mafuta. Watu wanapaka wanangoja siku, wiki, bado inanata, wanafikiri vanishi ni feki. Ndani ya mbao ile kuna vitu vinavyozuia vanishi kukauka. Ukitaka lazima upake kitu, tanguliza sheleki nyembamba iliyochujwa nta, hiyo inakauka kwa sababu spiriti inaruka tu, ikishafunga uso unaweza kupaka unachotaka juu. Mimi kwa mpingo naacha mtupu, msasa na kitambaa.

Halafu mfereji wa mguu wa rili. Usiuchonge kabla ya kukereza, kereza kwanza duara lote, tengeneza kishikio cha mbao cha kukilaza kiti kisizunguke, ndipo upitishe mashine yenye biti ya mviringo kwa kina kidogo kidogo. Miguu ya rili haifanani, ipo mirefu ipo mifupi, mipana na myembamba, kusanya rili kadhaa za wateja wako uzipime zote kabla hujaamua upana. Acha mwisho mmoja wa mfereji uingie chini ya kofia ya chuma inayofunika mwisho wa kiti, angalau milimita 8 mpaka 10, hapo ndipo mguu unaposhikwa.

MtoGura

Fundi, hapo kwa mfereji nikuulize kitu kimoja tu. Mutamaiyo iko na mistari inayopinda, kuna upande mmoja inaonekana nzuri na mwingine mistari imekatika. Mfereji niuweke upande gani, upande mbaya ili uzuri uonekane?

Fundi Mkerezaji

Uzuri uweke upande ulio mkabala na mfereji, ndio unaoonekana rodi ikiwa mkononi rili ikining'inia chini. Lakini kabla ya uzuri angalia mistari inakwendaje pale ukuta unapokuwa mwembamba. Mistari ikipita kutoka ndani ya tundu kutokea nje ndani ya urefu mfupi, hapo pana udhaifu, pete ikibana patapasuka kwa kufuata huo mstari. Zungusha kipande mpaka upate upande ambao mistari inakwenda na urefu, mfereji upite hapo hata kama ndio upande mzuri kuliko yote. Na kipande ambacho mistari inatoka nje pande zote kitengenezee kitu kingine, kishikio cha ndoana au kitufe cha mkia wa rodi, usikitupe.

Rula na Mizani

Na mulika tochi ya simu ndani ya tundu baada ya kutoboa kabla ya kukereza. Ukipaka spiriti kidogo kwa nje na kuangalia, ufa mwembamba unabaki na mstari wa unyevu wakati sehemu nyingine imeshakauka. Nguzo ya miaka hiyo yote itakuwa nazo chache ambazo jicho halioni.

MtoGura

Nimefanya hiyo ya spiriti sasa hivi, kwa vipande nilivyopasua viwili vimeonyesha ufa, nimeviweka kando. Vilivyobaki naviacha kwenye mzani mpaka vitulie, nikitoboa nitaweka picha hapa hapa mnikosoe. Dada wa Kilwa, ukijua mtu mwenye mabaki ya mpingo yenye kibali kamili nitumie ujumbe, nitafuata utaratibu wote wa mpaka, hata ikichukua muda.

Mwanamisitu wa Kilwa

Nitakuunganisha na watu wa kijiji wanaouza kwa risiti. Anza kuuliza upande wenu kwanza, KWS (shirika la wanyamapori) ndio wanaoshughulikia vibali vya CITES kwa Kenya, wakuambie wanataka karatasi gani kutoka huku kwetu, ukishajua niambie tuziandae kabla mzigo haujatoka.